Je, wajua? Jeepney ya Manila si jeep ya vita

Pua fupi yenye matundu ya wima, taa mbili za duara, bodi ndefu iliyojaa rangi na maandishi, na nyuma uwazi usio na mlango. Hiyo ndiyo jeepney, usafiri wa kila siku wa Wafilipino. Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba hizi ni jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, zikarefushwa, na mpaka leo bado zinapiga kazi.

Mwanzo wa maelezo hayo ni wa kweli. Mapigano ya Februari na Machi 1945 yaliibomoa Manila, na tramu za umeme zilizokuwa zikibeba watu tangu 1905 zikaishia hapo. Wamarekani nao waliacha jeep chungu nzima wasizozihitaji tena. Mafundi wakazichukua, wakazipa paa, wakarefusha nyuma na kufunga mabenchi mawili yanayotazamana.

Tatizo ni hilo la "mpaka leo". Jeep ya vita ilikuwa na urefu wa mita 3.3 hivi na ilibeba watu wachache tu. Jeepney hubeba 16, 20, hata zaidi. Injini ya jeep ilikuwa ya petroli, ya jeepney ni dizeli, mara nyingi mtumba kutoka Japani. Bodi huchomelewa upya na mafundi wa hapo hapo. Karakana maarufu kuliko zote, Sarao Motors ya Las Piñas, kusini mwa Manila, ilianzishwa mwaka 1953 na Leonardo Sarao, ambaye zamani alikuwa mwendesha gari la farasi. (Farasi wa chuma wanaosimama juu ya boneti husemwa ni ukumbusho wa magari hayo. Huenda. Lakini mapambo ya jeepney hufuata sana ladha ya mwenye gari.) Kwa hiyo kilichorithiwa ni umbo. Chuma chenyewe cha vita kilishakwenda zake zamani.

Na umbo hilo ndilo linaloeleza ajabu kubwa zaidi: gari la abiria 20 linatembeaje bila konda?

Dereva yuko mbele, njia ya kuingilia iko nyuma, na katikati ni safu mbili za magoti yanayokaribia kugusana. Aliyekaa mwisho hamfikii dereva. Anasema "Bayad po", yaani nauli hii hapa, na kuiweka kwenye kiganja cha jirani, naye anampa anayefuata. Ni kama mafundi wanaomwaga zege ghorofani wakipokezana karai: lililojaa linapanda, tupu linashuka kwa mstari uleule, na aliye katikati haulizi zege ni la nani. Mmoja akikunja mikono, kazi yote inasimama mbele ya macho ya wote, ndiyo maana ni nadra mtu kugoma. Dereva hunyoosha kiganja nyuma ya bega bila kugeuka, noti kazikunja kwa urefu katikati ya vidole, anauliza ni ya wangapi na wamepandia wapi, kisha chenji inaanza safari ya kurudi. Nauli ya chini ilipopanda hadi peso 13, Oktoba 2023, aliyetoa noti ya 20 alisubiri peso zake 7 zipite mikono ya watu asiowajua.

Pesa nayo ni sababu ya kutokuwa na konda. Madereva wengi hawana mshahara. Wanapeleka hesabu ya siku kwa mwenye gari, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Konda angekula humo humo. Hata hivyo si sheria ya nchi nzima: baadhi ya njia za mikoani zina konda, na vituoni wapo wapiga debe wanaojaza gari kwa malipo kidogo.

Tangu 2017 serikali inasukuma mpango wa kubadilisha jeepney kuukuu kwa magari mapya, ambayo mengi bei yake inazidi peso milioni 2. Mwaka 2023 madereva waligoma zaidi ya mara moja kuupinga mpango huo. Mengi ya magari hayo mapya yana kiyoyozi, mlango wa ubavuni na nafasi ya kusimama. Watu wakisimama katikati, mnyororo wa mikono hukatika, na baadhi yake tayari yanatembea na konda.