Nyerere kwa siku mbili: tunavyodanganyana na ilivyo kweli

"Siku mbili zinatosha, tutaizunguka yote." Hii ndo naisikia kila mwaka ikikaribia Sabasaba, mtu kapata wikiendi ndefu, kapata gari, kapata na wenzake wanne wa kuchangia mafuta, basi anapiga hesabu kama anaenda kuzunguka uwanja wa maonyesho. Jamani. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ina kilomita za mraba 30,893. Burundi nzima haifiki 28,000. Ukichukua Serengeti ukaiweka mara mbili bado Nyerere inabaki na chenji. Sasa niambie wewe na Landkruza lako la kukodi mtaizungukaje kwa Jumamosi na Jumapili, na humo ndani mwendo unaoruhusiwa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi hata hiyo 50 hufikishi maana ni mchanga, makorongo, na kila baada ya muda mtu anapiga kelele "simama simama nimeona kitu", mnasimama, kumbe ni gogo.

Ukweli ni kwamba safari fupi unaona kona moja. Na kona yenyewe ambayo wengi wetu tunaiona ni ileile, upande wa kaskazini, ukiingilia geti la Mtemere ukitokea kijiji cha Mloka, kwenye yale maziwa yaliyojipanga kando ya mto Rufiji: Mzizimia, Nzerakera, Siwandu, Manze, Tagalala. Ni kipande kidogo sana cha hifadhi, ila ndo chenye barabara, kempu na maji. Kule kusini, upande wa Liwale, ni miombo mwanzo mwisho, unaweza ukatembea muda mrefu usione hata ngiri. Kwa hiyo ukirudi usiseme "nimeimaliza Nyerere". Umeona maziwa, na maziwa yanatosha kabisa.

Kuna na hii ya jina, naipitia haraka. Watu wanasema Pori la Akiba Selous limefutwa, au eti Nyerere ni Selous iliyobadilishwa jina tu. Si hivyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilikatwa kutoka pori hilo la akiba ikawa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kilichobaki bado ni Pori la Akiba Selous, liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na huko uwindaji wa kitalii bado upo. Hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya "Selous" muulize anakupeleka wapi hasa, unaingilia geti gani. Jina lenyewe ni la Mwingereza Frederick Selous, aliuawa vitani Januari 1917 na kaburi lake liko humohumo Beho Beho, wanaolipenda jina la zamani wana sababu zao, ila kwenye malipo utakuta imeandikwa Nyerere.

Haya, tuje kwenye ile inayouma zaidi, "siku mbili ni siku mbili". Mi yalinikuta. Mara yangu ya kwanza tulilipia pakeji ya siku mbili usiku mmoja, nikajua nina siku mbili za kuona wanyama, nikaaga na ofisini kwa mbwembwe. Gari la kutuchukua Dar likasema saa 11 alfajiri, likaja saa 3 kasoro, dereva anasema foleni, foleni gani Jumamosi alfajiri? Mbagala tukasimama kununua maji, Kibiti tukasimama kula, halafu kile kipande cha kutoka Kibiti kwenda Mkongo mpaka Mloka kikatutafuna mpaka tukakoma. Tumefika getini saa 10 na nusu jioni. Mtandao ukasumbua kidogo wakati wa kulipia. Kutembea mwisho ni jua likizama, kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya hifadhi ilikuwa na swala pala, nyani na vumbi. Kesho yake saa 4 asubuhi dereva anaanza kuangalia saa, anataka tutoke mapema ili aingie Dar mchana. Ukijumlisha, siku mbili zangu zilikuwa kama masaa manne na ushee. Nilirudi nikawaambia watu nimefurahi sana, ningesemaje.

Kwa hiyo ukinunua pakeji usihesabu siku, hesabu masaa ya ndani ya geti kwenye mwanga. Kutoka Dar mpaka Mtemere ni zaidi ya kilomita 200, na kwa gari shika masaa matano mpaka sita kama mmeondoka alfajiri kweli na hakuna mvua. Kama mna usiku mmoja tu, bora mlale Mloka siku ya kwanza, nje ya geti, asubuhi muwe wa kwanza kuingia. Kuna wenye hela wanaruka na ndege ndogo, si zaidi ya saa moja umeshuka uwanja wa vumbi humohumo ndani na twiga wanakuangalia, ila hiyo bei yake tuachane nayo.

Halafu SGR, ile treni ya umeme. Tangu ianze 2024 watu wanasema "siku hizi Nyerere rahisi, treni mpaka Morogoro". Treni inakufikisha Moro fasta kweli, lakini kutoka Moro kwenda geti la Matambwe unapita Matombo na Kisaki, milima ya Uluguru pembeni, njia nzuri kwa macho na mbaya kwa kiuno, masaa manne na zaidi. Ukishuka Moro na una siku moja tu mi nakushauri bila aibu, nenda Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na ni kilomita za mraba 3,230 tu, unaingia asubuhi unatoka jioni umeshiba. Mikumi na Nyerere zimepakana hata hivyo, tembo hawajui imeishia wapi hii ikaanzia wapi.

"Ni pori kubwa kwa hiyo wanyama wamejaa kila sehemu." Hapana. Twiga kwa mfano, ng'ambo ya kusini ya Rufiji huwapati, wako kaskazini mwa mto tu. Yaani mto huohuo mmoja, upande huu twiga kibao, upande ule hamna. Duma usimtegemee. Faru weusi waliobaki ni wachache sana na hawako njiani kwako, kwa hiyo yule anayekuahidi "wakubwa watano wote kwa siku mbili" (simba, chui, tembo, nyati na faru) anakudanganya mchana kweupe. Tembo wapo, ila wazee wanaokumbuka pori la zamani watakwambia sio walewale. Mwaka 1976 walihesabiwa kama 109,000 kwenye ikolojia nzima ya Selous, 2013 wakabaki kama 13,000, ujangili uliwamaliza. Hao waliopo wengine wamewaona wenzao wakiuawa, ndo maana ukikuta kundi lenye watoto na mama yao kageuka kakutazama, masikio kayatanua, mkonga kaunyanyua, usimwambie dereva sogea kidogo nipige picha. Mwambie arudi nyuma taratibu.

Kinachopatikana Nyerere kuliko sehemu nyingi duniani ni mbwa mwitu. Na hapa kuna dhana nyingine ya kuchekesha, watu wanadhani ni mbwa koko waliokimbia vijijini wakaota ukali. Sio. Ni mnyama wake kabisa, hazai na mbwa wa nyumbani, miguu ya mbele ana vidole vinne wakati mbwa wako ana vitano, na mabaka ya kila mmoja ni tofauti, kama alama zetu za vidole.

Niliwaona safari ya tatu, na niliwaona kwa sababu tulikuwa tumechoka kuzunguka. Ilikuwa kama saa 10 jioni, dereva wetu, mzee mmoja wa Mloka ambaye haongei sana, akazima gari karibu na ziwa Manze akasema "tukae hapa". Tukakaa. Dakika ishirini hamna kitu, mwenzangu akaanza kulalamika kuwa hela yetu inaishia kivulini. Mzee akaonyesha kwa kidevu tu chini ya mti, mi naona majani makavu na vivuli. Nikachukua darubini. Jani moja likatikisika, kumbe sikio, duara kubwa kama kijiko cha upawa. Nikahesabu la pili, la tatu, mwisho tukafika kumi na moja, wamelala hapohapo muda wote, hatua kama thelathini. Jua liliposhuka mmoja akanyanyuka akajinyoosha, akaenda kumsukuma mwenzake na pua, wakaanza kuamkiana wote, wanalialia kisauti chembamba kama ndege, mikia juu, afu ghafla kimya, wakajipanga mstari wakaondoka mbio zile za kama hawana haraka. Nusu dakika hamna hata mmoja. Magari mawili yalikuwa yametupita hapo yakikimbizana na habari za simba.

Kwa hiyo ile imani kwamba ukikimbia sana utaona sana, mi siiamini tena. Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 mchana wanyama wengi wako kivulini, wewe unachoma mafuta tu. Asubuhi ile wanapofungua geti na jioni ndo muda wako. Katikati panda boti.

Ehe, boti. "Boti ni ya wazungu, kiboko atatupindua." Kiboko si wa kufanyia mchezo, ukweli huo, lakini waendesha boti wa kule wanazijua njia zao. Watu wengi hawajui kuwa kiboko haogelei kama sisi, anatembea chini, anajisukuma na miguu, afu anaibuka kupumua. Mwendesha boti wetu alipokaribia sehemu ya kina alikuwa anagonga ubavu wa boti kwa kiganja, ko ko ko, wanaibuka vichwa kuangalia kelele za nani, naye anajua wako wapi anazunguka mbali. Na ukiwa majini unaona vitu ambavyo garini huvioni, mamba kalala mdomo wazi mchangani, furukombe juu ya mvumo uliokufa uliobaki shina tupu, tembo wanakunywa na wewe uko chini yao unaangalia juu. Kama una hela ya kitu kimoja cha ziada, weka hapo. Mi ningekata hata chakula cha mchana.

"Si kuna uzio?" Dada yangu aliniuliza hivi tukiwa tayari kwenye hema, usiku, kitu kinakata matawi nje. Hakuna uzio. Wala kwenye kempu nyingi hakuna. Tembo anapita katikati ya mahema, kiboko anatoka kula majani usiku, na watu wa Mloka wanaishi hivyo mwaka mzima na mashamba yao. Ndo maana usiku ukitaka kutoka unamsubiri askari akusindikize, hata kama choo kiko hatua kumi. Kilichokuwa nje kilikuwa tembo, alikula mpaka saa 8 hivi akaenda zake, dada hakulala na mi nikajifanya nimelala.

"Gari dogo litapita, kiangazi hiki." Kuna mtu atakwambia aliingia na Noah. Labda. Mchanga wa kule ukikuzamisha unakaa hapo unasubiri gari lingine lipite, na kushuka kusukuma porini sio kama kusukuma Kimara. Tafuta gari la juu linalovuta magurudumu yote manne. Na masika, Machi mpaka Mei, hata hilo linashindwa, barabara nyingi hazipitiki na kempu nyingi zinafunga. Juni mpaka Oktoba ndo kipindi chake, na sababu ni rahisi tu, vidimbwi vya porini vinakauka, kila mwenye kiu anakuja kwenye maziwa na mto, wewe unakaa unawasubiri. Mvua zikija hawajafa wala hawajahama nchi, ila maji yako kila mahali kwa hiyo hawana haja ya kuja ulipo.

Kwamba ni ghali kwetu pia: kiingilio chenyewe sio tatizo, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Hela inaliwa na gari, mafuta, malazi na boti. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, bila hivyo utajielezaje kuwa ni raia. Malipo ni kwa kontrol namba au kadi, noti hawapokei, kwa hiyo lipia ukiwa bado kwenye mtandao mzuri, usisubiri getini kama sisi.

Mwisho nguo. Watu wanavaa mabaka ya jeshi wakidhani ndo sare ya porini, hapa kwetu raia kuvaa hivyo ni kosa, utavuliwa. Na zile jinzi za bluu na tisheti nyeusi acha nyumbani, ndorobo wanazipenda hizo rangi kuliko kitu chochote, na wanafuata gari linalotembea, wanang'ata juu ya nguo, dawa ya mbu unajipaka na wao wanaendelea tu. Kaki, kijani kibichi kilichofifia, mikono mirefu. Mkifika vichakani funga vioo, joto mtavumilia, mkitokeza ziwani fungueni.