Meno yamebaki kwenye kikombe: maswali kuhusu sonona na meno ya bandia

Sonona ni nini?
Ni ugonjwa. Huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi unaharibika, nguvu zinaisha, mtu anajiona hafai. Hapa Goma nani hajafiwa, nani hajakimbia? Ndiyo maana tumeizoea na kuiita mawazo.

Meno ya bandia yanaingiaje hapo?
Kwenye kazi yangu ya meno naliona hili kila mara. Mama analetwa na binti yake, meno yamefungwa kwenye kitambaa. "Yanamuumiza, hayavai tena." Nayajaribu: yanakaa vizuri, kinywa hakina kidonda. Nikimuuliza mama kuhusu usingizi, anainamisha kichwa.

Meno mapya yanadai subira: wiki kadhaa za kujifunza kutafuna na kusema, na kurudi kurekebishiwa. Mwenye sonona hana nguvu hiyo, na maumivu madogo kwake huwa makubwa. Wengine hawayaoshi, wanalala nayo, kaakaa linakuwa jekundu kwa fangasi. Wengine wanayaacha kikombeni. Bugali na sambaza, samaki wetu wadogo, havitafuniki tena, unabaki uji. Mtu anaona aibu kufungua mdomo, haendi tena kanisani wala sokoni. Upweke huo unazidisha ugonjwa.

Si ni mawazo tu? Akipata meno mazuri zaidi yataisha.
Hapana. Nimeona familia ikilipia meno mara ya pili, na ya pili nayo yakarudi kikombeni. Meno hayatibu sonona. Hapana tena kwa wanaosema "tungoje kidogo". Wiki 2 zikipita, mmekwisha kungoja vya kutosha. Ombeeni mgonjwa, ndiyo, na mumpeleke atibiwe.

Dawa za sonona zinamkausha mdomo. Aziache?
Asiziache mwenyewe! Dawa kama amitriptilini hupunguza mate, na mate ndiyo yanayosaidia meno ya bandia ya juu kushika kaakaa. Arudi kwa aliyemwandikia: dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Anywe maji kidogo kidogo.

Yakilegea tutumie gundi?
Tafadhali, acheni. Gundi ya viatu, kisu cha kukwangulia, maji ya moto: vyote nimeviona, na vyote vinaharibu. Baada ya kung'olewa jino, mfupa wa taya hupungua, hasa mwaka wa kwanza, ndiyo maana meno ya bandia yanalegea. Daktari anaweza kuyajazia kwa ndani yakakaa tena. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa sabuni, yalale kwenye maji baridi safi.

Tuende wapi?
Kituo cha afya kilicho karibu, au Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha hapa mjini. Akisema afadhali afe, mpelekeni siku hiyo hiyo na msimwache peke yake hata dakika moja. Na mkija kwa daktari wa meno, leteni meno hayo hata kama yamevunjika, pamoja na vidonge vyote anavyomeza. Msivifiche.