Je, wajua kwa nini mwalimu wa karate anakusimulia habari za jogoo wa mbao?

Ukipita Ngamiani, hapa Tanga, kwenye saa kumi na moja jioni, kati ya kengele za baiskeli na harufu ya mihogo ya kukaanga, utasikia vijana wanahesabu Kijapani kwa sauti moja: ichi, ni, san, shi. Wengi wao Kijapani chao kinaishia kwenye kumi. Nami nilikuwa hivyo hivyo nilipojiunga na darasa lao nikiwa na miaka thelathini na ushee, magoti yameshaanza kulalamika. Nilitegemea mateke na ngumi, nikavipata vyote. Nisichotegemea ni ngano.

Mwalimu wetu, mtu mzima ambaye mchana anauza vipuri vya baiskeli, akiona mwanafunzi amekwama hamwambii akunje goti kiasi gani. Anasimamisha darasa zima, anajipangusa jasho kwa ncha ya mkanda wake uliochakaa, kisha anaanza: "Paliondokea mfalme mmoja..." Mwanzoni nilidhani anavuta pumzi tu. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kujiuliza: kwa nini michezo ya mapigano imejaa hadithi za kale na maneno ya wanafalsafa namna hii? Mtu anaweza kucheza mpira Mkwakwani miaka kumi asiambiwe lolote la Wagiriki wala Wachina.

Hadithi ya mfalme yule ni ya jogoo. Imo katika kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa China aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Mfalme alimkabidhi bwana mmoja, Ji Xingzi, jogoo wa kupiganishwa ili amfunze. Zikapita siku 10, mfalme akauliza, yu tayari? Bado, akajibiwa, bado ana majivuno, anajitutumua bure. Siku 10 nyingine: bado, akisikia sauti au akiona kivuli cha mwenzake anashtuka. Siku 10 tena: bado, jicho lake kali mno na hasira hazijamtoka. Siku ya 40 Ji Xingzi akasema sasa inatosha. Jogoo wengine wakiwika, huyu hageuki. Ukimtazama utadhani amechongwa kwa mti. Na hao wengine wakimwona, hakuna anayethubutu kumkabili. Wanageuza migongo na kukimbia.

Sisi tumezoea kumcheka jogoo wa shamba asiyewika mjini. Huyu hawiki kokote, na ndiye bingwa.

Mara ya kwanza kuisikia niliiona hekima ya kupendeza, ya kuandika nyuma ya daladala. Lakini isome tena kama fundi anavyosoma kipimo. Anayejitutumua anakaza mabega; msuli unaonyoosha mkono na ule unaoukunja vinavutana kwa wakati mmoja, na ngumi inatoka kama baiskeli ambayo breki yake imegusa ringi. Anayeshtukia vivuli ni yule anayeliwa na kila chenga. Mwenye jicho la hasira anatangaza shambulio lake kabla hajalitoa, tena haoni kinachotokea pembeni. Kila mwanafunzi mpya, mwenye mkanda mweupe, niliyemwona amepita humo, karibu kwa utaratibu ule ule.

Palikuwa na bwana mdogo mmoja, mwanafunzi wa sekondari kutoka Makorora, wa miaka kama kumi na mitano. Mwenzake akitikisa mkono tu, yeye yuko hatua mbili nyuma, macho yamemtoka. Mwalimu alimrekebisha kwa maneno wiki nzima: usirudi, tulia, mtazame kifuani. Wapi. Jioni moja akamsogelea taratibu, akamshika bega.

"Mwanangu, leo uko siku ya ngapi?"

Yule kijana akafikiri kidogo. "Ya ishirini, mwalimu."

Darasa zima tukacheka, naye akacheka. Halafu, sijui nieleze vipi, mabega yakashuka. Mkono uliofuata aliuangalia ukimpita puani bila kusogea. Tangu siku ile hakuna anayeambiwa amekaza mwili au ana papara. Unaambiwa siku yako. "Wewe leo umerudi siku ya kumi, kuna nini?"

Jibu la swali langu, kwa maoni yangu, lilikuwa hapo. Wataalamu wa namna mwili unavyojifunza mwendo wamelipima kwa njia yao. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba juu ya mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kundi moja waliambiwa waelekeze mawazo kwenye miguu yao. Jingine kwenye magurudumu yaliyo chini ya jukwaa, chini kabisa ya miguu ile ile. Waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Ukimwambia mtu auchunge mwili wake, anaanza kuuingilia kati katika kazi ambayo ungeifanya wenyewe, kama mtu anayeshuka ngazi huku akihesabu vidole.

Mwaka 2001 Liao na Masters wakapima jambo la karibu na hilo kwenye tenisi ya meza. Baadhi ya wanafunzi walipewa orodha ya maelekezo. Wengine walipewa picha moja tu ya kichwani: peleka raketi kana kwamba inapanda ule upande mrefu wa pembetatu. Walipobebeshwa kazi nyingine ya akili huku wakipiga, wa orodha walishuka, wa picha wakaendelea. Na pambano ni nini kama si kubebeshwa kazi nyingine ya akili, tena kazi yenyewe inakurushia mateke? Orodha inamwagika. Jogoo anabaki.

Ukishalijua hilo, ngano nyingi zinageuka mikononi mwako. Chukua ya Antaeus. Wagiriki walisimulia kwamba alikuwa jitu la Libya, mwana wa Ardhi, aliyewalazimisha wapita njia kushindana naye mieleka. Kila alipobwagwa alinyanyuka na nguvu mpya, kwa kuwa amemgusa mama yake. Shujaa Heracles akagundua siri, akamkumbatia, akamwinua juu, akambana huko huko hewani hadi akaisha. Mwalimu alinifanyia hivyo hivyo (bila ya kunimaliza, ashukuriwe). Aliniinua nusu shubiri tu, akaniambia nipige. Ngumi ikatoka kama ya mtoto. Nguvu ya pigo huanzia kwenye kuisukuma ardhi nayo ikusukume. Ukiwa hewani huna cha kusukuma. Sasa kisigino changu kikiinuka bila sababu nasikia "Mama!" kutoka upande wa pili wa ukumbi, na wageni wanadhani kuna mtu ameumia.

Upande wa judo, mieleka ya Kijapani ambayo jina lake maana yake ni "njia ya upole", mambo yako wazi zaidi, maana mwasisi wake alikuwa mwalimu hasa. Jigoro Kano alifungua shule yake, Kodokan, huko Tokyo mwaka 1882, ndani ya hekalu la Kibudha, naye hakuwa mtu wa umbo kubwa. Alieleza upole wa judo kwa hesabu. Tuseme mwenzangu ana nguvu 10, mimi 7. Akinisukuma nikapinga, nitaanguka. Nikimpisha kwa kiasi kile kile anachosukuma, anaelemea mbele, mizani inampotea, na pale alipo sasa hana tena 10 bali 3. Mimi ningali na zangu 7 zote, na nusu ya hizo inanitosha. Bibi yangu alikuwa na neno hilo hilo, "mwenye nguvu mpishe", ila yeye alikusudia wakubwa wa serikali. Kwenye godoro la mazoezi ni maelekezo ya mguu: toka njiani, na usisahau kumshika ukosi anapopita.

Hata Homer, mwimbaji wa Kigiriki wa utenzi wa Troya, ana somo la mtama. Katika michezo ya mazishi ambayo Achilles alimwandalia rafiki yake Patroclus, mashujaa Ajax na Odysseus wanashikana hadi migongo inalia, wamekazana kama kenchi za paa zilizoungwa na fundi. Hakuna anayemwangusha mwenziwe. Mwishoni Ajax, aliye mkubwa, anamwinua Odysseus. Odysseus naye anampiga nyuma ya goti, Ajax anakwenda chali, Odysseus juu ya kifua chake. Goti halina ulinzi kwa nyuma, lilikuwa hivyo wakati ule na liko hivyo leo. Achilles akawasimamisha na kuwapa zawadi sawa.

Nikiri kwamba si kila hadithi inanikaa. Ile ya Bruce Lee, ya kuwa kama maji, imesemwa mno hadi imekauka. Na vijana wanampenda kupita kiasi Miyamoto Musashi, yule samurai, mpiganaji wa upanga wa Japani ya zamani, aliyeandika kwamba alipigana zaidi ya mara 60 bila kushindwa. Husimuliwa kwamba mwaka 1612 alimkabili Sasaki Kojiro kisiwani, akachelewa kwa makusudi ili mwenzake apandwe na hasira, tena kwa upanga wa mti aliouchonga kwenye kasia. Wanachokumbuka ni kuchelewa, na somo hilo Tanga hatulihitaji. Cha kukumbuka ni kasia: Kojiro alisifika kwa upanga mrefu, na mwenzake akaja na kitu kirefu zaidi. Pima umbali kabla hujaingia.

Karate yenyewe ina neno lake kubwa, la Gichin Funakoshi wa Okinawa, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922: katika karate hakuna shambulio la kwanza. Mwanafunzi analishika kwa mwili kabla ya kulielewa, maana kata ya kwanza tunayofunzwa, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, inaanza kwa kugeuka kushoto na kukinga. Mwalimu akitaka kulieleza kwa Kiswahili haendi mbali. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, ni jirani yetu. Katika kitabu chake Kusadikika waziri Majivuno anamwaga mashtaka yote mbele ya mfalme, na Karama, mshtakiwa, anamwacha amalize. Ndipo anajibu, kwa habari za wajumbe 6, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu huiita kata ndefu kuliko zote.

Lakini ninayoipenda mimi ni ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, huko Pate na delta ya Tana. Amefungwa, anangoja kuuawa. Mama yake kila siku anampelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakila. Liyongo akatuma maneno kwa mafumbo: oka mkate wa wishwa, ndani yake tia tupa, ile ya kukatia chuma. Walinzi wakauona mkate wa pumba, wakacheka, wakamwachia. Kisha akaomba ngoma ya gungu ipigwe, na ndani ya mlio wa ngoma na upatu akawa anakata pingu zake. Ukitaka kujua chenga ni nini, ndiyo hiyo: mikono inapiga gungu mbele ya uso wa mtu, nyonga inafanya kazi ya tupa.

Na mwisho wake unanirudisha kwa jogoo. Mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makubwa, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na kuuvuta. Akafa hivyo hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kusogea kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai na analenga.

Mwalimu aliisimulia jioni ambayo umeme ulikatika, tukiwa tumekaa chini gizani tunangoja urudi. Alipomaliza, sauti ya yule kijana wa Makorora ikatoka kwenye kona.

"Mwalimu, yule jogoo wa mbao. Alishinda mapambano mangapi?"

Mwalimu akanyamaza, kama anayehesabu.

"Hadithi haisemi kama aliwahi kupigana," akasema. Kisha akasimama, akapapasa ukutani ilipo baiskeli yake, akatuambia tukunje mikeka.