Saa za Kwenye Tiketi Si Urefu wa Safari: Dhana Potofu na Ukweli

Mwezi huu pekee nimeulizwa mara tatu, hapa Lamu ninapowakatia watu tiketi, kwa nini safari ya ndege kutoka Nairobi hadi New York huchukua saa 8 kwenda na saa 21 kurudi. Haichukui saa 8, wala haichukui saa 21.

Dhana: Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, unapata muda wa safari.

Chanzo cha dhana hii nakijua. Kwa wengi wetu safari ya kwanza ya ng'ambo huwa ni ya Umra, na Jeddah hufuata saa ileile ya Kenya. Hesabu hiyo huleta jibu sahihi, na mtu hubaki akiamini kwamba inafaa kila mahali. Dubai imetutangulia kwa saa moja tu, na tayari mambo huvurugika: safari ya takriban saa 5 huonekana kuwa ya saa 6 kwenda na saa 4 kurudi. Ukweli ni kwamba kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali ulipo uwanja husika. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 katika majira yao ya joto na kwa saa 8 wakati wa baridi, kwa kuwa wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Basi ndege ya moja kwa moja ikiondoka Nairobi saa 23:30, yaani saa tano na nusu usiku, ikatua kule saa 07:30 ya majira ya joto, huku kwetu ni saa 14:30, na saa 15 kamili zimepita. Ikiondoka kule saa 12:30 na kufika Nairobi saa 09:30 ya kesho yake, imekaa angani saa 14. Namsihi kila mteja ageuze kwanza saa zote mbili ziwe za Lamu, kwa kalamu na karatasi, ndipo atoe. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dawa na chakula cha saa 8 kwa safari ya saa 15 anajiweka hatarini.

Dhana: Dunia huzunguka kuelekea mashariki, hivyo ndege iendayo magharibi hufika upesi.

Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Safari ya kwenda huzidi kwa sababu ya pepo kali zinazovuma kutoka magharibi, kwenye kimo cha takriban kilomita 10. Watu wa pepo za kusi na kaskazi wanajua kwamba chombo kinachokwenda joshi, yaani kuukabili upepo, huchelewa.

Dhana: Njia fupi ni mstari wa rula kwenye ramani.

Vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York juu ya tufe la dunia: uzi utapita Sahara na Moroko, kaskazini kabisa ya mstari wa rula.

Dhana: Kilomita 11,800 za Nairobi hadi New York zikigawanywa kwa mwendo wa ndege, safari nzima imejulikana.

Umbali huo ni wa uwanja hadi uwanja. Anayetoka Lamu huvuka kwanza kwa boti hadi uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda, na ndege yake ikitua uwanja wa Wilson jijini Nairobi, humbidi akatize jiji kwa gari hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, tena huenda katika msongamano wa jioni. Kwa hiyo mwenye ndege ya ng'ambo ya usiku mimi humwekea ndege ya asubuhi kutoka Manda, hata akinung'unika kwamba atasubiri mno.