Mafuta ya Taa Hayamtoi Kupe: Ninayoyasikia Kila Jumatatu

Jumatatu harufu ya mafuta ya taa inaingia kwenye chumba changu cha kutibu wanyama hapa Mwanza kabla ya mbwa mwenyewe. Jumapili watu wametoka na mbwa wao, wengine Luchelele, wengine Kayenze, wengine wamekwenda Usagara au Magu kuwasalimia ndugu. Mbwa amekimbia kwenye majani mchana kutwa, amelala kivulini na mbuzi, na jioni mtoto aliyekuwa anampapasa sikio amegusa kitu kigumu. Ndipo mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo anatoa amri ile ile: "Usimvute! Mpake mafuta ya taa, ataachia mwenyewe."

Amri hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa askari, kwa akina mama wa mwalo wa Kirumba, na kwa wafugaji wa Misungwi walioishi na kupe tangu utotoni. Wote wanampenda mbwa wao, vinginevyo wasingemleta. Lakini wamemfanyia jambo baya kuliko kumwacha na kupe wake, na nimechoka kulisema kwa mmoja mmoja.

Kupe hajishikizi kwa miguu. Amezamisha mdomo ndani ya ngozi, na mdomo huo umejaa miiba midogo iliyoelekea nyuma. Aina nyingi humalizia kwa kutoa ute unaoganda na kumbana papo hapo. Hata ukimkera kiasi gani, hawezi kuchomoka mara moja. Watu hunijibu kwamba mafuta yatamziba pumzi. Kupe anapumua kwa matundu mawili ya ubavuni, nyuma ya miguu ya mwisho, na akiwa ametulia anavuta hewa mara chache tu kwa saa nzima. Ukitaka afe kwa kukosa hewa, jiandae kusubiri sana. Na muda wote unaosubiri, mdomo uko ndani na mate yanaingia kwa mbwa. Magonjwa yanapita kwenye mate hayo. Kupe anayeunguzwa na kemikali au moto anaweza kutema zaidi, kwa hiyo unamsubiri mdudu amalize kazi ambayo ulitakiwa kuikatiza.

Hapo huwa naambiwa kwamba kwenye simu imeandikwa mtu ana saa 24 kabla kupe hajaambukiza chochote. Hesabu hiyo inahusu ugonjwa wa Lyme wa Marekani na Ulaya. Mbwa ninaowatibu Mwanza hawaugui Lyme. Wanaugua magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe: Ehrlichia, ambayo ni bakteria, na Babesia, ambayo ni kimelea. Babesia kwa kawaida huhitaji kupe anyonye siku moja au mbili kabla ya kupita, lakini bakteria wa Ehrlichia canis wanaweza kuingia ndani ya saa chache tu. Kama mlirudi saa kumi na mbili jioni, mkampaka mafuta, mkasema tutaangalia asubuhi, mmempa usiku mzima.

Bado sijasema yanayompata mbwa mwenyewe. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, hasa ndani ya sikio na katikati ya vidole, na huko ndiko kupe wanakopenda kukaa. Mbwa hujilamba. Akiyalamba anaweza kutapika, na tone likienda njia ya hewa badala ya tumbo, linaingia kwenye mapafu. Nimonia ya mafuta ya taa ni ngumu kuitibu na inaua. Kupe mmoja aliyetolewa vizuri asingeleta hayo. Kisha kuna wanaokosa subira wakaleta kiberiti au sigara, juu ya manyoya yaliyokwisha kulowa mafuta. Naomba kila anayesoma hapa aifikirie picha hiyo mpaka mwisho.

Vaselini, chumvi, limao, rangi ya kucha na ugoro ni kapu hilo hilo, na ugoro una sumu yake ya nikotini juu. Oili chafu ya gari, ambayo watu humpaka mbwa mwili mzima kwa ajili ya upele na kupe kwa pamoja, ni mbaya kupita zote. Inaingia kupitia ngozi, inalambwa, na kuitoa kwenye manyoya ni mateso kwa mbwa na kwa anayemwosha.

Kumtoa kupe ni kazi ya dakika moja. Nunua kibano chembamba cha ncha kali, kile cha nyusi kinachouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Kitundike karibu na mlango pamoja na chupa ndogo ya spiriti. Hilo nalisisitiza kwa kila mteja hadi wananiona msumbufu, kwa sababu kibano kilicho kabatini hakitumiki. Tenganisha manyoya, mbane kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi. Usimbane tumbo, maana ukimminya unamsukumia mbwa vilivyomo. Vuta moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu isiyobadilika, bila kumzungusha na bila kumkwanyua ghafla. Ngozi itainuka kidogo, kisha ataachia. Mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimtupe uani. Paka dawa ya kuua vijidudu pale alipokuwa, nawa mikono, endelea na mwingine. Kama kibano hakipo na kupe yupo, funga vidole kwa kitambaa au mfuko wa nailoni, mbane karibu na ngozi kadiri uwezavyo, vuta. Ni bora kuliko kungoja kesho.

Ila hakikisha ni kupe. Mbwa dume ana chuchu, na kila mwaka analetwa kwangu dume ambaye mtu amejaribu kung'oa chuchu yake kwa koleo. Chuchu zimepangwa safu mbili tumboni hadi kifuani na hazina miguu. Kupe, hata aliyevimba, ukimwangalia pale anapogusana na ngozi utaiona miguu. Vidutu vya ngozi vya mbwa wazee navyo vinadanganya. Tumia tochi ya simu kabla ya kibano.

Wengine hukagua mgongo tu, wanasema mbwa ni msafi. Mgongoni ndiko rahisi kuona, lakini kupe wengi hawako huko. Pitisha vidole kinyume na manyoya, polepole. Anza ndani ya sikio na kwenye mkunjo wa nyuma yake, kisha kope, midomo, chini ya mkanda wa shingo (uvue kabisa), makwapa, kinena, chini ya mkia, na kati ya kila kidole cha kila mguu, hata kwa chini. Fanyeni hivyo nje, kabla mbwa hajavuka kizingiti, na mrudie kesho yake. Kupe wachanga wana miguu sita tu na ni wadogo mno. Wanaonekana vizuri baada ya kunyonya na kuvimba. Mkishamaliza mbwa, jikagueni wenyewe. Wapo kupe wa ng'ombe wa maeneo yetu wanaomwachia binadamu homa, kichwa kuuma na kidonda chenye kitovu cheusi mahali walipong'ata.

"Kichwa kimebaki, ataota kupe mwingine." Haoti. Kinachobaki ni vipande vya mdomo, na mwili huvisukuma nje wenyewe kama unavyofanya kwa mwiba mdogo. Kiuvimbe kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida. Kinacholeta matatizo ni wembe na sindano ya kushonea, maana mtu huchimba mpaka anatengeneza jeraha ambalo kupe hakulitengeneza.

"Nitamwogesha ziwani, watasombwa na maji." Kupe anavumilia kuwa chini ya maji kwa saa nyingi, na aliyekwisha kung'ata hasombwi na chochote, iwe ziwa au sabuni ya unga. Juu ya hapo, wewe uliyesimama kwenye maji ya kina kifupi penye matete ukimsugua mbwa unajiweka kwenye kichocho, jambo ambalo watu wa mwambao huu hawahitaji kuelezwa.

Kwamba kupe huruka au hudondoka kutoka kwenye miembe, hapana. Hana mbawa na miguu yake hairuki. Anapanda kwenye ncha ya jani, ananyoosha miguu ya mbele yenye uwezo wa kunusa pumzi na kuhisi joto la mnyama, anangoja aguswe. Ndiyo maana njia wanayopita ng'ombe kwenda kunywa maji ina kupe wengi kuliko mahali pengine pote. Shika mbwa kwa kamba hapo, mpitishe katikati ya njia.

Kuhusu ng'ombe, kuna nusu ya ukweli ninayoikubali. Ndigana kali, inayoua ndama na kumfilisi mfugaji, haimpati mbwa. Kutoka hapo watu wanahitimisha kwamba kupe aliyetoka malishoni hana madhara kwa mbwa, na pia kwamba dawa ya ng'ombe ni dawa ya mbwa. La pili ndilo linaloniletea wagonjwa mahututi. Dawa ya josho imetengenezwa nzito ili ichanganywe na maji kwa kipimo. Anayekadiria kwa kifuniko cha soda anamtia mbwa sumu. Mbwa aliyezidishiwa amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, analegea, mwili unapoa, moyo unapiga polepole. Aliyepakwa dawa ya jamii ya diazinoni anatoa mate, anatetemeka. Na kama dawa ina permethrini, mbwa anaweza asidhurike, lakini paka anayelala naye akafa.

Sindano ya aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo, ni hivyo hivyo. Mililita moja ya ile ya asilimia 1 ni dozi ya ng'ombe mwenye kilo 50. Mbwa wetu wengi hawafiki hata nusu ya uzito huo, na bado naletewa waliochomwa mililita mbili na jirani. Baadhi ya Jemani shepadi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Wanapepesuka, wanapofuka kwa muda, wengine wanazimia. Na baada ya hatari yote hiyo, si dawa ya kutegemewa kwa kupe wa mbwa. Dawa za mbwa zipo, vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja au miezi mitatu, za matone ya mgongoni, na amitrazi yenyewe ikichanganywa kwa kipimo cha mbwa. Mpime uzito kwanza. Watoto wa mbwa walio chini ya wiki nane watolewe kupe kwa kibano tu. Na vidonge hivyo humuua kupe baada ya kung'ata, kwa hiyo ukaguzi wa jioni uko pale pale.

Nirudi nyumbani kwako, maana hapa ndipo watu huniona siwaamini. Mtu anatoa kupe Jumapili, Alhamisi anakuta wengine, anasema wametoka porini. Mbwa hajatoka uani siku nne. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ndiye ninayemkuta zaidi, hahitaji pori. Jike likishiba linaanguka, linapanda ukutani, linaingia kwenye ufa au chini ya mbao za kibanda, linataga mayai elfu kadhaa, linakufa. Wachanga wanapanda kwa mbwa, wanashuka, wanajibadili, wanapanda tena. Kwa joto letu, ambalo halishuki sana mwezi wowote, mzunguko wote unaweza kukamilika kwa miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana usemi wa "kupe ni wa masika tu" hauna msaada kwa mtu wa Mwanza. Majani ya masika na vuli huongeza kupe wa nje. Wa ukutani hawana msimu, na aliyekomaa anaweza kukaa miezi mingi bila kula.

Kwa waliojenga Bwiru, Mabatini au Bugarika, ambako ua wa nyuma ni mawe juu ya mawe, nyufa ni nyingi kuliko mnavyoweza kuziba. Zibeni za ukuta kwa saruji, kisogezeni kibanda cha mbwa mbali na mawe, choma matandiko ya zamani, fua mapya kwa maji ya moto, nyunyiza dawa kibandani mbwa akiwa mahali pengine na umrudishe pakikauka. Rudieni baada ya wiki chache, kwa sababu mayai hayafi na dawa ya kwanza.

Mbwa wa kienyeji, wanaosemwa kuwa na kinga, nao wanaugua. Wengi hubeba vimelea muda mrefu bila dalili, na hilo ndilo watu wanaloliita kinga. Siku atakapozaa, akakosa chakula au akapata ugonjwa mwingine, vimelea hivyo vinaamka.

La mwisho ni wanaoniambia "kupe nimeshamtoa, basi yameisha." Andika tarehe ya matembezi kwenye kalenda, kisha mwangalie mbwa kwa wiki tatu. Mkunjue mdomo kila siku chache: fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe au njano, mkojo ukiwa mwekundu au wa kahawia, akiacha kula, akichoka, akitokwa damu puani, au akiwa na vidoa vyekundu tumboni, mlete siku hiyo hiyo, na uje na ile chupa ya spiriti. Nitachukua tone la damu ncha ya sikio na kuliangalia kwa darubini. Ikiwa ni Babesia, usikubali mtu amchome dawa ya ng'ombe ya ugonjwa huo kwa kukadiria, maana dawa hiyo, diminazini, ikizidi kidogo inaharibu ubongo wa mbwa. Ikiwa ni Ehrlichia, atameza doksisaiklini kwa siku 28, akiwa amekula. Mbwa wengi huchangamka ndani ya siku tatu, na hapo ndipo wenye mbwa huacha vidonge. Bakteria waliobaki wanaweza kujificha kwa miezi, hata miaka, na wakirudi wamefika kwenye uboho wa mifupa, ambako damu inatengenezwa. Katika hatua hiyo dawa zangu hazisaidii sana.