Hurafa Si Kila Hadithi Yenye Wanyama

Hapa Nakuru, kitabu chochote chenye sungura au ndege jaladani huitwa hurafa na kupelekwa moja kwa moja kwenye rafu ya watoto, jambo ambalo lina makosa mawili kwa mpigo. Hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama waliopewa akili, ulimi na tabia za binadamu, ili anayeisikiliza ajitambue ndani yao. Fasili hiyo haina utata. Tatizo ni kwamba wengi hushika wanyama wakaiacha sehemu ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito.

Chukua heroe, ndege ambaye wengi wetu humwita flamingo. Kinda wake ni wa kijivu, na rangi ya waridi humjia polepole kutokana na chakula anachokichuja, mdomo ukiwa umepinduliwa majini, katika maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria. Mtambaji akisimulia kwamba heroe wa kwanza alimeza kaa la moto na ndiyo maana kizazi chake chote kina wekundu, hiyo ni ngano ya usuli, kwa sababu kazi yake ni kueleza chanzo cha jambo. Lakini akisimulia juu ya kinda aliyejipaka udongo mwekundu ili afanane na wakubwa wake, akanyeshewa mbele ya kundi zima, kisha akalazimika kuinamisha shingo na kula siku baada ya siku kama wenzake, hapo tuna hurafa, maana anayekua ni sisi, na huyo ndege ametuazima manyoya tu. Ndege ni yuleyule na ziwa ni lilelile, ila ngano ni mbili tofauti. (Sungura anapomlaghai fisi, watu huongeza jina la tatu, hekaya, kwa ajili ya ule ujanja, ngano moja yaweza kuwa hurafa na hekaya kwa pamoja, na sioni haja ya kugombana juu ya hilo.)

Kuhusu kosa la pili, la umri wa wasomaji, ikumbukwe kwamba Kalila na Dimna, mkusanyiko wa ngano za wanyama ambao mwandishi Ibn al-Muqaffa aliutia katika Kiarabu katika karne ya 8, ulikuwa na mawaidha kwa watawala, na nakala zake za kale zilichorwa simba, fahali na mbweha kwa rangi za kupendeza. Watu wazima walikuwa wakitazama picha hizo bila kuona haya.

Basi anayekiita kitabu cha asili ya wekundu wa heroe hurafa hajapotea mbali, kwa kuwa wanyama wamo; angekiita usuli tu. Na muuzaji akipata kile cha kinda na udongo wake, hata kikiwa na michoro kila ukurasa, anaweza kukiweka pia kwenye rafu ambayo wazazi hujichagulia vyao.