Blériot XI: Ndege Iliyopeleleza Vitani na Kufunza Marubani

Tarehe 23 Oktoba 1911, Kapteni Carlo Piazza wa jeshi la Italia alipaa kutoka Tripoli kuelekea Azizia, katika Libya ya leo, wakati Italia ikipigana na Uturuki, akawachunguza kutoka angani askari wa dola ya Uturuki waliokuwa wamepiga kambi huko, kisha akarudi kutoa taarifa kwa wakuu wake. Safari hiyo ya takriban saa moja, iliyofanyika katika ardhi ya Afrika, huhesabiwa kuwa upelelezi wa kwanza wa kivita kufanywa kwa ndege.

Ndege aliyoirusha, Blériot XI, haikubuniwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa na jozi moja tu ya mabawa, tofauti na ndege nyingi za wakati huo zilizokuwa na mabawa ya ghorofa mbili, na kiunzi chake kilikuwa cha mbao zilizokazwa kwa waya. Ni ndege ya aina hiyo, yenye injini ya silinda tatu na nguvu farasi 25, ambayo mtengenezaji wake, Mfaransa Louis Blériot, aliitumia kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909. Baada ya hapo majeshi kadhaa ya Ulaya yaliinunua.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa mabawani. Waya za chini, zilizobeba uzito ndege ikiwa angani, zilikuwa imara. Za juu hazikufanywa imara kiasi hicho, kwa kuwa ilidhaniwa kazi yake ni kuyashikilia mabawa ndege inapotua. Kumbe rubani anapoielekeza ndege chini kwa ghafla, hewa inaweza kuyasukuma mabawa kutoka juu hadi yakavunjika. Mwaka 1912, baada ya ajali zilizoua marubani, Blériot mwenyewe aliiandikia serikali ya Ufaransa akieleza kasoro hiyo, na jeshi likasimamisha ndege za namna hiyo mpaka ziimarishwe. Mtengenezaji kuifichua hatari ya bidhaa yake ni jambo la kuheshimiwa sana. Septemba 1913, rubani Mfaransa Adolphe Pégoud aliirusha Blériot iliyoimarishwa ikiwa kichwa chini miguu juu, na ikastahimili.

Katika ufundishaji, shule za Ufaransa zilitumia Blériot zilizopunguzwa mabawa, zikaitwa pengwini, jina la ndege wa baharini asiyeruka, kwa sababu hazikuweza kuruka. Mwanafunzi alikaa peke yake tangu siku ya kwanza, akakimbiza chombo hicho uwanjani huku akijaribu kukinyoosha kwa usukani uliosukumwa kwa miguu, kwani kosa dogo lilitosha kukizungusha kikaangalia kilikotoka. Aliyeweza kwenda moja kwa moja alipewa ndege ya kurukaruka chini chini, kisha ndiyo akaruhusiwa kupaa kikamilifu.

Vita Kuu vilipoanza 1914, Blériot XI ilitumwa tena kupeleleza, lakini katika mwaka uliofuata ndege zenye kasi na silaha ziliiondoa mstari wa mbele. Shuleni ilidumu zaidi: mwaka 1917 Wamarekani waliokuja Ufaransa kujifunza urubani walikuwa bado wakianzia kwenye pengwini.